Wiki ya Mbalamwezi Mwaloni



Mimi ni mkazi wa Kitaji, Musoma mjini, na ni mlejio, yaani mwanachama wa Lejio ya Maria, chama cha kitume cha Kanisa Katoliki. Kazi ya Lejio ya Maria wengi mnaijua: tunakwenda wawili wawili, nyumba kwa nyumba, kwa wagonjwa, kwa waliopoa katika imani, kwa wanaoishi bila ndoa ya kanisani, kisha kila wiki unasimama mbele ya presidiumu, yaani kikundi chenu cha walejio, kutoa taarifa. Taarifa ndiyo iliyokuwa ikininyima raha. Wenzangu wanasema mtoto ameandikishwa mafundisho, ndoa imebarikiwa. Mimi nasema tulitembelea nyumba fulani, tulikaribishwa, basi. Nilikwisha kuanza kuwaza kuhamia kwaya, ambako angalau mtu akiimba anajisikia.

Ndipo tukaenda Peregrinatio. Lejio ina utaratibu huo tangu 1958: mlejio anatoa wiki moja au mbili za likizo yake, kwa nauli yake mwenyewe, anakwenda kufanya utume mbali na kwao. Wengine huvuka bahari. Sisi tuliishia kwenye mwalo mmoja wa dagaa, ufukwe wa wavuvi kando ya ziwa, upande wa Mugango.

Mama niliyepangwa naye, mzaliwa wa Majita, ndiye aliyechagua tarehe, na aliichagua kwa kutazama mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, na wanaume unawakuta nyumbani wakitengeneza nyavu. Nenda wiki ya giza uone: mchana kutwa watu wamelala.

Tuliwakuta, naam. Kusikilizwa ni jambo jingine. Mzee mmoja alituambia dini zote amezisikia na zote zilimwomba mchango. Mama mmoja, kila tulichosema alijibu "nimesikia", akaendelea kugeuza dagaa wake wa mwisho waliokuwa wameanikwa mchangani. Nikatoa kitabu cha sala. Mwenzangu akanishika mkono. "Mwanangu, geuza dagaa kwanza." Tukageuza. Alasiri moja, tumeshakusanya watu tuanze rozari, wingu likapanda kutoka ziwani na mwalo mzima ukatoka mbio kuanua. Dagaa wakinyeshewa wanaoza, na hapo hakuna tena hela ya shule. Tukaanua nao hadi jioni. Rozari haikusaliwa. Juma likaisha hivyo hivyo: hakuna aliyeandikishwa, hakuna aliyeahidi kuja Jumapili.

Tukirudi tulipitia Nyegina kusali, na hapo ndipo mambo yalipogeuka kwangu. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, walifungua misheni hiyo 1911. Mwaka 1934 mtoto wa mtemi wa Wazanaki kutoka Butiama aliingia shule ya Mwisenge, hapa Musoma. Akiwa shuleni akaanza kwenda Nyegina kwenye mafundisho ya dini. Akasikiliza, kisha akaenda zake Tabora kusoma, hajabatizwa. Ningekuwa mimi mtoa taarifa wa wakati ule, ningesema: mwanafunzi mmoja, ameondoka. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, akafariki 1942. Mwaka uliofuata kijana akabatizwa Nyegina, akaitwa Julius; ndiye Mwalimu Nyerere. Baadaye mama yake, Mugaya, naye akabatizwa, akaitwa Christina. Tangu 2005 Kanisa linamwita Mwalimu Mtumishi wa Mungu.

Simfananishi yeyote wa kule mwaloni na Mwalimu. Ninayemfikiria ni katekista aliyemfundisha kule Nyegina. Siku zile alikuwa na nini cha kueleza zaidi ya kwamba mtoto alikuja na alisikiliza? Na alikuwa anasema kweli tupu. Vivyo hivyo Edel Quinn, binti wa Ireland aliyeileta Lejio Afrika Mashariki mwaka 1936 akiwa mgonjwa wa kifua kikuu. Alifariki Nairobi 1944, na presidiumu ya Kitaji hakupata kuiona.

Niseme pia, maana tunajuana: wapo wenzetu ambao "Mungu anafanya kazi kwa siri" wameigeuza ruhusa ya kukaa nyumbani. Nyumba hawakwenda, mgonjwa hawakumwona, halafu wanamwachia Mungu. Huko siko kuamini. Anayeamini anarudi mlango ule ule.

Jumamosi nilitoa taarifa yangu yote: mzee wa michango, "nimesikia", dagaa, mvua, rozari iliyokatika. Rais wa presidiumu akauliza swali moja tu: "Mtarudi lini?" Nikamtajia tarehe kabla mwenzangu hajafungua mdomo. Habari ya kwaya iliishia hapo. Tumekwisha kurudi mwaloni, na tutarudi tena. Yule mama bado anajibu "nimesikia", ila siku hizi akituona anatoa vigoda. Sina la zaidi la kueleza juu yake, na silali nikihangaika.

Wewe mwenye likizo, hata ya wiki moja, onana na walejio wa parokia yako uwaambie unataka kwenda. Vaa kofia, beba kanga ya kufungia kiunoni, na uliza kwanza mbalamwezi inaanza lini.