Bukavu Ni Milima, Lakini Mama Anaweza Kukimbia

Bukavu si mji wa tambarare. Tuko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari, na toka Kadutu mpaka kando ya ziwa Kivu ni kupanda na kushuka tu. Ndiyo sababu wengi kati yetu wakisikia habari ya mbio za kupunguza kilo, wanasema: hayo ni ya vijana. Sisi, kundi dogo la wamama walimu na wauzaji wa soko, tulichagua mahali kwanza, mbio baadaye.

Saa kumi na mbili asubuhi tunashuka toka Kadutu. Hapo hatukimbii. Mteremko unaumiza magoti, zaidi kwa mwenye uzito, na kama mvua ilinyesha usiku udongo unateleza. Tukifika Ibanda mwili umekwisha kupata joto. Ndipo tunaingia La Botte, ile rasi inayoingia ziwani kama kiatu. Ng'ambo tunaona milima ya Rwanda, na kwenye maji mitumbwi ya wavuvi wa sambaza inarudi.

Huko ndiko tunakimbia: dakika moja polepole, dakika mbili kutembea, mara sita au saba. Kipimo chetu ni mdomo. Ukiweza kuongea na mwenzako, uko sawa. Maneno yakikatika, tembea. Siku tatu kwa juma zinatosha kwa kuanza, na katikati tunapumzika. OMS inashauri dakika 150 za mwendo wa kadiri kila juma. Hata kule kurudi nyumbani tukipanda kunahesabika. Mwenye tansio, mwenye ugonjwa wa sukari, au aliyejifungua karibuni, amwone muganga kwanza.

Tena, kilo haziondoki kwa mbio peke yake. Tumepunguza mafuta katika sombe, sukari ndani ya chai, na ukubwa wa bugali ya jioni.

Lakini mlima ulio mgumu zaidi ni midomo ya watu. Kwetu, mama akinenepa wanasema bwana anamtunza vizuri. Akipungua, wanauliza ana ugonjwa gani, ao kama nyumbani kuna njaa. Wakwe wa mwenzetu mmoja walimwita bwana wake, wakamuuliza kama anamwachia mke pesa ya chakula. Bwana akajibu: « Mke wangu sasa anapanda Kadutu bila kusimama. » Wakanyamaza.

Kwa hiyo, wamama, msianze peke yenu. Tafuteni wenzenu wawili ao watatu wa avenue moja. Vaeni viatu vinavyoshika mguu vizuri, na anayeona haya afunge kitenge juu ya suruali. Mkiwa wengi, watu watacheka siku mbili tu. Siku ya tatu watawasalimia, na huenda mmoja wao atauliza mnapita saa ngapi.