Arusha: Chozi Asiyemliza Mtu

Mpenzi msomaji, neno chozi likitajwa kwenye kurasa hizi, kwa kawaida kuna mtu katendwa na mwandani wake. Mwezi huu weka leso pembeni. Chozi tunayemzungumzia ana mabawa, ana mdomo mwembamba uliopinda kama mundu, na dume akipigwa na jua anameta kuliko gauni la sendofu. Ni ndege mdogo anayeishi kwa kunyonya mbochi, yaani yale maji matamu yaliyo ndani ya ua. Wengi wa jamii yake hawafiki hata gramu 15 kwa uzito. Kama unaishi Arusha, inawezekana kabisa ameshapita dirishani kwako asubuhi wakati wewe unapiga pasi shati la kazini, wala hukumtazama mara mbili.

Na hilo ndilo linalotuleta hapa. Vijana wengi wa Arusha wanajenga au kupanga nyumba zao za kwanza. Ukuta unapanda, geti linawekwa, kisha uwanja mzima unafunikwa matofali ya pevingi ili gari lisikanyage tope. Ni nadhifu, hakuna anayebisha. Lakini wewe na mwenzako mtakuwa mmeamua, bila hata kukaa kikao, kwamba chozi hana nafasi kwenu.

Siyo yule wa kwenye televisheni

Wengi tumemwona kwenye televisheni ndege mvumaji, yule anayeelea hewani kama helikopta mbele ya ua. Huyo usimtafute Arusha. Jamii yake yote, zaidi ya aina 300, iko bara la Amerika tu. Chozi ni wa kwetu, Afrika, na ana ndugu zake Asia hadi Australia. Hawa wawili hawana undugu wa karibu. Kazi ya kunyonya maua ndiyo iliyowafananisha, kama mafundi wawili wa miji tofauti wanaobeba kisanduku cha vifaa cha aina moja.

Tofauti yao kubwa utaiona ukitulia. Mvumaji hula akiwa anaelea. Chozi anaweza kuelea kidogo, lakini anapenda zaidi kutua kwanza, ashike tawi kwa miguu, ndipo azamishe mdomo. Akikuta ua refu lisilofikika kwa ndani, kama haibiskasi, mara nyingine hana aibu: anatoboa shina la ua kwa nje na kunywa kwa njia ya panya. Kwenye maua mengine hulipa kwa kubeba chavua kichwani na kuipeleka ua la jirani, na hapo mmea unapata mbegu.

Kuanzia mjini hadi miguuni mwa Meru

Uzuri wa Arusha ni kwamba ngazi ya kumtafutia chozi inaanzia mlangoni kwako. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na Mlima Meru unaousimamia una zaidi ya mita 4,500. Kadiri unavyopanda, maua yanabadilika, na chozi nao wanabadilika.

Kwenye bustani za mjini, Njiro, Sakina au Ilboru, wapo wadogo wenye kifua cha zambarau na tumbo la njano. Yupo mwenye kifua chekundu kama moto, mwili mweusi, na kijani kinachong'aa kichwani. Na yupo mrefu wa rangi ya shaba, ambaye dume ana manyoya mawili marefu ya mkia. Huyu wa shaba wanasayansi wamempa jina la kilimensis, kutokana na Kilimanjaro, kwa hiyo ni mtu wa nyumbani kabisa.

Mkitaka kutoka kidogo, pandeni Haisi hadi Tengeru. Siku za gulio ni Jumatano na Jumamosi. Ukishamaliza nyanya na ndizi, Ziwa Duluti liko karibu, limezungukwa na msitu na lina njia ya kutembea kwa miguu. Njiani tazameni mashamba ya Wameru: mgomba, mbuni, na mgrevilea wa kivuli juu yake. Mgrevilea ukitoa maua yake ya rangi ya chungwa unageuka kuwa baa ya chozi, na ua la mgomba nalo hawaliachi. Mkulima aliotesha kwa ajili ya kahawa na ndizi. Ndege naye akapata riziki yake.

Hatua ya tatu ni Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960. Unakata kushoto Usa River, na ni mwendo wa chini ya saa moja na nusu kutoka mjini. Wengi hukimbilia twiga, na flamingo wa maziwa ya Momella. Ombeni matembezi ya miguu mkiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana nyati wa pale hawana utani. Kwenye vichaka vya miguuni mwa Meru utaona mmea mrefu wenye maua ya chungwa yaliyojifunga kama vitufe juu ya shina. Kitaalamu unaitwa Leonotis. Simameni hapo dakika kumi bila kuongea. Kwa wapenzi waliozoea kuchati hata wakiwa meza moja, dakika hizo kumi zina faida yake nyingine.

Wivu wenye hesabu

Sasa tuje kwenye mambo yetu. Chozi dume ana wivu wa kutisha. Akishaona maua yanamlipa anayageuza milki yake, na mwenziwe akisogea anafukuzwa kwa kelele. Wengine hugombana hadi na sura yao wenyewe kwenye kioo cha gari, wakidhani kuna mwizi amekuja.

Lakini wivu wake haujafumba macho. Mwaka 1975 watafiti Frank Gill na Larry Wolf walichapisha hesabu waliyoifanya Kenya kwa chozi mwenye mabawa ya dhahabu, ambaye anaishi pia nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania na hupenda sana ule mmea wa Leonotis. Waligundua kwamba akikaa tu anatumia kalori 400 kwa saa, akizunguka kula anatumia 1,000, na akifukuza wezi anatumia 3,000. Hizi ni kalori ndogo. Elfu moja ya hizo ndiyo moja ya ile inayoandikwa kwenye pakiti ya biskuti.

Kwa nini basi ajichoshe? Kwa sababu ua lisiloibwa hujaza mbochi zaidi. Ua likiwa na matone madogo mawili ya kipimo walichotumia, ndege anahitaji saa 4 za kula kwa siku. Likiwa na matatu, anamaliza kwa saa 2.7. Muda aliookoa unamwachia kama kalori 780. Ulinzi wenyewe, dakika 17 hivi kwa siku, unamgharimu kalori 728. Anabaki na faida kiduchu, lakini ni faida.

Maua yakijaa kila mahali, anaacha kulinda: ya nini kupigana wakati kila mtu kashiba? Yakiwa machache mno, anaacha pia, anahama. Analinda pale tu penye kitu cha kutosha kumweka na pasipo na kingi cha kumfanya asijali. Hebu jiulize, msomaji: yale masaa unayotumia kukagua simu ya mwenzako, unarudishiwa nini? Chozi angekuwa ameshapiga hesabu na kuondoka. Na yule unayemlinda kwa nguvu zote, je, umempandia ua lolote la kumfanya atake kubaki?

Chupa ya sukari au maua?

Walio na jamaa Marekani wameshaona vile vichupa vyekundu vya maji ya sukari vinavyotundikwa barazani kwa ajili ya ndege mvumaji. Chozi pia anaweza kuzoea chupa, mradi iwe na kijiti cha kutulia. Kipimo ni sukari nyeupe kikombe kimoja kwa maji vikombe vinne. Usiweke asali wala rangi. Na hapa ndipo kazi ilipo: kwenye joto maji hayo yanachacha upesi, hivyo chupa inapaswa kuoshwa vizuri na kujazwa upya kila baada ya siku mbili hivi. Mkisafiri wikiendi mkaiacha, mnamwachia sumu. Sisimizi na nyuki nao watakuja bila kadi ya mwaliko, na tumbili wa Arusha mnawajua.

Ua halihitaji kuoshwa. Kando ya barabara zetu kuna wauza miche kila kona. Ulizeni shubiri, inayotoa maua mekundu au ya njano hata wakati wa ukavu, haibiskasi, na ule mti wenye maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa. Mwenye nafasi apande mgomba mmoja nyuma ya jiko. Aliyepanga chumba na kibaraza atumie ndoo kuukuu yenye matundu chini. Changanyeni aina zinazopokezana, moja ikimaliza kutoa maua nyingine ianze, ili mgeni asikute meza tupu.

Jambo moja litawashangaza. Waridi, ambalo Arusha inalipanda na kuliuza hadi Ulaya na ambalo kila mmoja wetu ameshalipokea siku ya Valentino, halimsaidii chozi. Waridi halina mbochi. Ni zuri, linanukia, lakini akizamisha mdomo hapati kitu. Wasomaji waliowahi kupenda sura tupu wataelewa.

Kiota chenye baraza

Mkishampata, msimharibie. Jike ndiye anayejenga, peke yake: kimfuko cha nyasi na majani makavu kinachoning'inia kwenye tawi, kimefungwa kwa utando wa buibui, na mara nyingi kina kijibaraza juu ya mlango cha kuzuia mvua. Kwa kawaida hutaga mayai mawili, na yeye ndiye anayeyalalia. Dume husaidia kulisha vifaranga. (Akina baba, mmesikia.)

Vifaranga hawakui kwa sukari. Wanataka buibui na wadudu wadogo. Kwa hiyo dawa ya kupulizia wadudu unayomwaga kila Jumamosi inafagia chakula cha watoto wake. Acheni pembe moja ya bustani isiyofagiliwa sana, na utando wa buibui mmoja au miwili usiwatie aibu mbele ya wageni.

Wikiendi hii, kabla fundi hajaleta lori la matofali, tokeni nje wewe na mwenzako na mpime. Mita moja ya udongo pembeni mwa ukuta inatosha kuanzia. Gari litapita, tope halitakuwepo, na patabaki mahali pa shubiri tatu na haibiskasi moja. Mwaka ujao mkinywa chai ya asubuhi mtajua kama mlikata vizuri.

Kazi kwenu!