Tulivyojifunza Kulala Nje

Nyanya yangu hakuelewa kwa nini mtu mwenye nyumba aende kulala nje kwa hiari yake. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, Baba alipomwarifu kwamba Jumamosi tungekwenda kupiga kambi Hell's Gate, Naivasha, alimtazama mwanawe kwa muda, kisha akamuuliza, "Kwani landilodi amewafukuza?"

Alikuwa na sababu zake. Wakati wa Hali ya Hatari, katika miaka ya hamsini, watu wa kwao Murang'a waliamrishwa kuziacha nyumba zao na kuhamia kijiji kilichozungushiwa handaki. Nyanya, msichana bado, alilala kwenye umande na mama yake hadi kibanda chao kilipoezekwa. Kwake kulala nje kulikuwa adhabu. Baba naye, karani wa Nairobi aliyeazima hema la turubai kwa rafiki, aliona kulala nje kuwa dalili ya maisha kunyooka: una nyumba, na unaweza kuiacha kwa siku mbili bila wasiwasi.

Majirani walituambia hayo ni mambo ya wazungu. Hata hivyo, Hell's Gate iliwafaa watu wa kipato chetu. Ni mbuga ndogo, kilomita za mraba 68 hivi, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1984, na ni mojawapo ya chache nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kupanda baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Mama alibeba githeri iliyochemshwa nyumbani, akaikaanga jioni kwenye jiko la makaa huku akiwahesabu watoto kila baada ya dakika chache. Usiku tulisikia ngurumo ya mvuke kutoka Olkaria, ambako umeme wa jotoardhi ulikuwa ukizalishwa tangu 1981, kabla hata ya mbuga kuzaliwa. Ndugu yangu mdogo alisadiki kwamba huo ndio mlango wa jehanamu wenyewe.

Asubuhi tulishuka katika korongo lililomo mbugani. Maji yaliyokuwa yakitoka katika ziwa la kale, kubwa kuliko Ziwa Naivasha la leo, ndiyo yaliyochimba njia ile, na mvua za miaka mingi zikaendelea kuichonga. Kuta zake zinapanda juu na kukaribiana, hadi mahali pengine ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili. Kuna chemchemi za maji ya moto zinazovuja mwambani, na mawe meusi ya volkano yanayong'aa kama chupa iliyovunjika. Baba alitangulia, bila mwongozaji, na sheria yake ilikuwa moja: mbingu ikiwa safi, tunashuka.

Miaka ilivyosonga, watu wakaongezeka. Wakaja wanachama wa vyama, vikundi vya makanisa, wanafunzi kwa mabasi. Baiskeli za kukodi zikapangwa karibu na lango, na vijana wa Kimaasai wakafanya uongozaji kuwa kazi. Mabomba ya mvuke nayo yakazidi kuenea. Mtambo wa Olkaria IV, wa megawati 140, ulizinduliwa mwaka 2014. Ngurumo iliyomtisha ndugu yangu ikawa ndiyo inayowasha taa zetu Nairobi.

Sheria ya Baba ilianguka Aprili 2012, mafuriko ya ghafla yalipowaua vijana saba wa kikundi cha kanisa mle korongoni. Maji ya pale hayangoji mvua inyeshe juu ya kichwa chako. Inanyesha vilimani, mbali na macho yako, mikondo yote inakusanyika, kisha inajisukuma katika uwazi mwembamba usio na mahali pa kukimbilia. Unaweza kuwa unatembea juani huku mafuriko yako njiani.

Nyanya alisikia habari hiyo redioni. Alikuwa amekua akivuka mito inayoshuka kutoka Nyandarua, ambayo hufurika huku bondeni kukiwa kukavu. Akamuuliza Baba, "Mlipokuwa mkishuka, mlikuwa mkiuliza huko juu kumenyesha?" Baba hakuwa na jibu. Tangu siku hiyo swali lile likawa sharti la safari: kabla ya kufunga hema garini, mtu anawapigia simu watu wa Narok na Mai Mahiu.

Septemba 2019 maji yakaua watu saba tena, akiwemo mwongozaji, mtu aliyelijua korongo lile vizuri. Baada ya hapo likafungwa.

Sisi bado tunapiga kambi, sasa nikiwa na watoto wangu. Hema limekuwa jepesi, jiko ni la gesi, na majirani hawashangai tena. Wanatuomba tuwachukulie watoto wao. Tunapita kwa baiskeli chini ya Fischer's Tower, nguzo ya mwamba yenye jina la Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883, tunawatazama pimbi wakiota jua, kisha tunalitazama korongo kutoka juu. Mwanangu mkubwa analalamika kwamba mimi nilishuka nikiwa mdogo kuliko yeye, na kwamba kutazama tu si kutembea. Ni kweli nilishuka. Nimemwambia kwamba hata lango likiwa wazi, msimu wa mvua hatashuka akiwa na mimi, na kwamba nitavumilia kununiwa hadi tufike nyumbani.