Shakwe na Buabua wa Sabaki

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya mji wa Malindi, nikiwaongoza wageni wanaokuja kutazama ndege. Ni mto uleule unaoitwa Athi huko bara na Galana ukipita Tsavo, na unatufikia sisi wa pwani umebeba udongo wa Ukambani. Msimu wa mvua bahari ya mbele yetu hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Udongo huo ndio umejenga mafungu ya matope na mchanga pale mdomoni, na maji yakijaa, ndege wa bahari huja kupumzika juu ya mafungu hayo.

Mgeni akifika mara ya kwanza huona kundi moja tu. Wengi weupe tumboni, wengi kijivu mgongoni, wote wameukabili upepo. Papo hapo hufungua kitabu chake na kutafuta rangi. Mimi humwomba akifunge kwanza. Rangi za ndege hawa hubadilika kwa umri na kwa msimu. Shakwe mkubwa huchukua kama miaka minne kabla ya kupata manyoya ya utu uzima, na katika muda huo hupita kila aina ya madoadoa ya kahawia. Buabua naye, kofia nyeusi aliyoivaa wakati wa kutaga humtoka baadaye, paji likabaki jeupe. Kinachodumu ni umbo, na namna anavyoitafuta riziki yake.

Hayo nilianza kuyajua kabla sijashika darubini. Nimezaliwa katika nyumba ya mvuvi. Nahodha akiona mbali ndege wembamba wanazunguka, vichwa chini, wakijitupa majini na kuinuka na kisamaki mdomoni, hugeuza tanga kuelekea huko, maana dagaa waliopanda juu wamekimbia jodari walio chini. Hao ni buabua. Shakwe kazi yao huanza mashua ikirudi: huifuata hadi bandarini wakigombea matumbo ya samaki, na asiyepata leo huokota mzoga ufukweni au huiba mayai ya ndege wenzake.

Ukishajua hivyo, mwili wa kila mmoja unaeleweka. Buabua ana mabawa membamba yaliyochongoka, mkia wenye panda na mdomo ulionyooka kama sindano, ambao huuelekeza chini anaporuka kwa sababu chakula chake kiko chini yake. Miguu yake ni mifupi mno. Nchi kavu hupiga hatua chache tu, na kumwona anaogelea ni nadra. Shakwe ana kifua kizito, mabawa mapana na mdomo mnene uliopinda nchani. Hutembea ufukweni akienda apendako, na akichoka huketi juu ya maji.

Sabaki ina ndege wa kumtatiza hata aliyeyashika hayo vizuri. Yuko buabua mwenye mdomo mnene mweusi asiyekuwa na desturi ya kujitupa majini: hupita chinichini juu ya matope akidaka kaa wadogo, na huweza kwenda hadi mashambani kukamata panzi. Yuko na yule mwenye mdomo mwekundu, mkubwa kuliko buabua wote duniani, ambaye akisimama kando ya shakwe hamwonei haya kwa kimo. Kwa hao wawili namwambia mgeni asubiri waruke.

Ndege ninayempenda kuliko wote pale ni shakwe mmoja wa kwetu, wa Bahari ya Hindi ya magharibi. Mwelekezee darubini akiwa ametulia. Kichwa ni cha kahawia iliyoiva, nyuma ya shingo ana ukosi mweupe, na mdomo una rangi ya manjano-kijani ukiishia kwa utepe mweusi na ncha nyekundu. Huzaliana visiwani katika Bahari ya Shamu na pwani za Oman na Somalia, na hujaa kwetu wakati wa kaskazi, kwa njia ileile iliyokuwa ikileta majahazi. Watalii wengi humpita haraka wakimtafuta ndege adimu. Hilo huniuma.

Kinyume chake ni buabua wadogo, wenye urefu wa sentimita kama 23, wanaolala Sabaki kwa maelfu. Wengi ni buabua wa Saunders, lakini ana ndugu anayefanana naye mno, na wakiwa hawako katika manyoya ya kutaga hakuna jicho la kuwatenganisha kwa mbali. Katika hesabu ya ndege wa maji ya kila Januari, vijana ninaosimama nao hutaka kuandika jina kamili.

"Mzee, tukiandika 'buabua wadogo' tu, Nairobi si watasema hatujui kazi?"

"Andika hivyo hivyo, mwanangu. Ulichokiona ndicho hicho."

Nasimama imara hapo kwa sababu najua daftari hilo linakwenda wapi. Idadi zinapelekwa Nairobi, zinaunganishwa na za maeneo mengine, na ndizo anazoshika mtu anayetetea mlango wa mto usigawanywe viwanja. Miaka yangu mingi ya kazi Sabaki haikuwa hifadhi rasmi. Ilichokuwa nacho cha kujitetea ni hesabu hizo.

Watamu hali ni tofauti, kwa kuwa hifadhi ya bahari iko tangu 1968. Pale mlangoni mwa Mida kuna kisiwa cha mawe ambacho wageni hukiita Whale Island. Wakati wa kusi, buabua wa aina mbili hutaga juu yake: mmoja mkia mrefu, kifua kina wekundu hafifu wa waridi, mwingine mgongo wa kahawia iliyokolea. Mayai hulazwa juu ya jiwe tupu. Mtu akikanyaga kisiwani, wazazi wote huruka, na jua la adhuhuri huyapika mayai yakiwa hayajafunikwa, au kunguru huyawahi.

Nimewahi kuona mashua ya watu wengine ikishusha wageni pale, kila mmoja na simu mkononi, ndege wakipiga kelele juu yao. Mimi huzunguka kisiwa kwa mbali, injini imezimwa, na darubini zinatosha kabisa kuuona ule wekundu wa kifua. Mgeni akishikilia kushuka, namrudishia pesa zake na kumrejesha ufukweni.