Samaki Mdogo Mwenye Deraia

Wasomaji wengi wa gazeti hili wanamjua kambare. Ngozi yake ni utelezi mtupu, hana gamba hata moja, wala mpishi hahitaji kumparua kwa kisu. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa kwetu kwamba yuko kambare aliyevaa deraia ya mfupa tangu kichwani hata mkiani, atakutazama kama mtu anayesimulia habari za sungura na fisi. Walakini yuko, tena aina zake ni mamia. Kwao ni Amerika ya Kusini, katika mito ya nchi za Amazon na Orinoco na Paraguay. Hata mito ya Kongo inao kambare wembamba wenye mabamba ya mfupa, lakini hao ni wa ukoo mwingine, wala si wa habari hii.

Habari hii ni ya samaki sita walioletwa shuleni kwetu katika sanduku la kioo, zawadi ya jamaa mmoja aliyekuwa akihama mjini. Jina lao hakulijua. Aliloambiwa na muuzaji ni kwamba ni kambare wa kusafisha kioo, basi. Kila mmoja alikuwa mfupi kuliko pingili ya kidole gumba changu. Habari ikaenea, na siku ya tatu akaja mzee mmoja wa kamati ya bwawa letu, mtu wa heshima na mwenye kuona mbali. Nalimwamkia, nikampa kiti, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, kambare ni kambare. Hawa ni watoto tu. Watie bwawani pamoja na perege, wakue, watu wapate kitoweo."

Nalimjibu, "Mzee wangu, nipe mwezi mmoja, nijue kwanza hawa ni akina nani."

Sikumjibu hivyo kwa ukaidi. Wako kambare wa deraia ambao mdomo wao ni kama kikombe cha kunyonyea, nao hujigandamiza juu ya kioo na kukwangua ukoga. Kwa hiyo huuzwa wakiwa wadogo kwa jina hilo hilo la wasafishaji. Namna moja yao, waitwao Pterygoplichthys, huzidi sentimeta 40 wakisha kukua. Madume huchimba mashimo marefu katika kingo za maji ili mayai yawekwe humo, na kingo hubomoka. Watu waliochoka kuwafuga waliwatupa mitoni, na sasa wameenea Florida, Ufilipino, hata KwaZulu-Natal katika Afrika ya Kusini. Huko Mexico, katika bwawa kubwa la Infiernillo, wavuvi waliokuwa wakiishi kwa perege walivuta nyavu zao wakakuta zimejaa samaki hao wenye miiba, na nyavu zimeraruka. Nasi bwawa letu ni la perege. Kingo zake twalizijenga kwa mikono yetu, wake kwa waume, kwa jembe na karai.

Basi nikaanza kazi ya kuwatambua. Wataalamu huwapanga samaki kwa ukoo, katika ukoo kwa mlango, na katika mlango kwa aina, karibu kama Waisraeli walivyohesabiwa kwa makabila na jamaa na nyumba. Jambo la kwanza, basi, ni ukoo. Nalichukua kioo cha kukuzia, nikatazama ubavu wa samaki mmoja alipokaribia. Mabamba yake yalikuwa safu mbili tu, moja juu na moja chini, yamepandana kama vigae vya paa na kukutana katikati ya ubavu. Wale wanyonyaji wana safu nyingi zaidi. Tena mdomo wake ulikuwa mdogo, umeelekea chini, una sharubu fupi alizokuwa akipapasia mchanga kama kipofu apapasavyo kwa fimbo. Hakushika kioo hata mara moja. Hapo nilipata faraja ya kwanza: hawakuwa wanyonyaji. Walikuwa wa ukoo wa Callichthyidae.

Wanafunzi waliniletea neno lingine. Walisema samaki hawa wanakufa, maana kila baada ya muda mmoja hupanda juu kwa kasi ya mshale, hugusa uso wa maji, na kurudi chini. La, hawafi. Humeza hewa, na utumbo wao huchukua pumzi iliyo ndani yake, kama mapafu yetu yafanyavyo. Hii ndiyo sababu wanaweza kuishi katika maji yaliyopungukiwa na hewa.

Lakini faraja ya kwanza haikutosha. Katika ukoo huo huo yuko Hoplosternum, naye hukua kupita sentimeta 20. Katika kisiwa cha Trinidad ni kitoweo cha heshima, na wenyeji husema kwamba mgeni akimla hana budi kurudi kufia kisiwani. (Ningependa kumwonja, ila nyumbani kwangu wasingekubali sharti hilo.) Yeye naye amekwisha kuenea Florida, mbali na kwao. Je, hawa wetu walikuwa watoto wa samaki kama huyo? Hapo mzee alikuwa na haki ya kuuliza, nami sikuwa na jibu ila kungoja.

Jibu walilitoa wenyewe katika juma la tatu. Asubuhi moja mwanafunzi wa zamu aliniita, nami nikaona jike mmoja, mnene kuliko wenzake, ameshika yai kati ya mapezi ya tumboni mwake kama mtu abebaye kitu katika upindo wa nguo. Akaenda, akalibandika juu ya kioo, akaondoka. Mpaka mchana mayai yalikuwa mengi, kila moja kama punje ndogo ya uwele. Nikampima yule jike kwa rula nje ya kioo: sentimeta 2 na nusu. Samaki atagaye si mtoto. Huo ndio urefu wa mtu mzima katika jamaa zake.

Sasa kazi ilikuwa nyepesi, kwa maana katika ukoo huo wadogo wa kiasi hicho wajulikanao sana kwa wafugaji ni watatu. Wa kwanza, hastatus, alipewa jina mwaka 1888 na Carl Eigenmann na mkewe Rosa, watu wa Marekani waliofanya kazi ya samaki pamoja; huyo ana doa jeusi penye shina la mkia. Wa pili, habrosus, ni wa Venezuela, alipewa jina mwaka 1960; ana mabaka yaliyokatika-katika, tena hukaa chini mchangani. Wa tatu, pygmaeus, alipewa jina mwaka 1966, kwao ni nchi ya mto Madeira katika Brazil. Ana mstari mweusi usiokatika, tangu puani hata mkiani, naye hupenda kuelea katikati ya maji pamoja na wenzake. Wetu walikuwa na mstari huo, na kuelea ndiko kulikokuwa desturi yao.

Sikutegemea rangi peke yake. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza kwamba katika mito ya Amerika ya Kusini kambare wa deraia wakaao kijito kimoja huvaa rangi moja, ingawa ni wa milango mbalimbali, na pua zao na chakula chao ni tofauti. Sare moja humtisha adui, maana akichomwa na miiba ya mmoja huwaogopa wote. Kwa hiyo nalipima mstari, na urefu, na mwendo, na mayai, na yote yakapatana.

Zamani aina hizo zote tatu ziliwekwa katika mlango wa Corydoras, jina lililotungwa mwaka 1803 kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya chapeo na ngozi. Mwaka 2024 mlango huo uligawanywa, na samaki wetu akahamia mlango wa Gastrodermus. Wanafunzi walilalamika, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuandika kibandiko. Wakaandika kingine.

Mwezi ulipotimia mzee alirudi. Nalimwonyesha jike na mayai, nikamwambia kwamba samaki huyu hatakua zaidi, wala hatoshi kijiko kimoja cha mchuzi. Alicheka sana. Kisha akauliza, "Basi kama hana madhara, mbona usimtie bwawani?" Nalimkumbusha sangara, aliyetiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950. Ameleta fedha nyingi, lakini aina nyingi za furu waliokuwamo hazionekani tena. Samaki wetu hali furu, lakini ugonjwa atakaokuja nao bwawani hatuujui, na aliyekwisha kutiwa majini haitiki akiitwa. Mzee alinyamaza kitambo. "Basi maji ya sanduku mwayamwaga wapi?" akauliza.

Tangu siku ile maji hayo humwagwa katika bustani ya mchicha iliyo nyuma ya darasa, upande usioelekea kijito, na wa zamu huchuja kwanza kwa kitambaa, kwa ajili ya mayai.