Chumvi katika Chungu cha Mama

Tulipomleta mama yetu kutoka Kabambare hata Kasongo, miguu yake ilikuwa imevimba, na uso wake kila asubuhi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyelia usiku kucha. Sisi watoto wake tulidhani ni uchovu wa uzee. Jirani wengine walikwisha anza kunong’ona habari za uchawi, kwa maana ugonjwa usio na jina hautuachi kimya. Daktari akampima damu, mkojo na tansio, kisha akatuambia kwamba mafigo yake yamechoka, wala hayatarudi kuwa kama zamani. Lakini nguvu iliyobaki yaweza kulindwa, kwa dawa ya tansio na kwa chakula.

Mafigo ni mawili, kila moja kadiri ya ngumi. Kwa siku moja huchuja maji ya damu yapatayo lita 180, huyarudisha karibu yote mwilini, na takataka huzitoa katika lita moja au mbili za mkojo. Yakichoka, chumvi na maji hubaki ndani, ndipo miguu huvimba. Taka za nyama na maharagi hubaki katika damu. Na kitu kiitwacho potasiamu, kilichomo katika mazao mengi ya shamba, chaweza kuzidi hata kuusimamisha moyo. Iko mashine ya kusafisha damu, ambayo Mholanzi Willem Kolff aliitengeneza mwaka 1943. Lakini kwa kawaida mgonjwa huunganishwa nayo mara tatu kila juma, saa nne hivi kila mara, na mashine hizo ziko katika miji mikubwa. Mwenye kuijua njia ya Kabambare wakati wa mvua hahitaji kuelezwa zaidi. Basi tumaini letu likawa jikoni.

Tulipewa karatasi ya Kifaransa yenye majina ya vyakula vinavyokatazwa. Ilikataza jibini, ilikataza chokoleti, ilikataza nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Mama yetu hajapata kuonja jibini tangu azaliwe. Lakini sombe haikutajwa, wala bugali, wala mawese, wala makayabu. Tulicheka, kisha tukaona kwamba hatujui tumpikie nini jioni ile.

Kesho yake mke wa kaka yetu mkubwa alitia katika kikapu vitu vyote tuvilavyo nyumbani, akampelekea Sista muuguzi, akavitoa kimoja kimoja juu ya meza. Hapo ndipo tulipojifunza. Mchele ni mwema, kwa kuwa una potasiamu kidogo. (Mpunga huo uliletwa Maniema na Waarabu na Waungwana katika karne ya 19, siku za Tippu Tip, siku za machozi mengi, leo ndio unaomlisha mama yetu.) Mihogo iliyolowekwa, ikamwagwa maji yake, ikaanikwa na kutwangwa, nayo yafaa. Mawese hayana chumvi wala potasiamu, nayo humpa mgonjwa nguvu. Sombe isipigwe marufuku, bali ichemshwe kwa maji mengi, maji yale yamwagwe, na ale kidogo. Ndizi, parachichi, maharagi na karanga, hivyo vyategemea kipimo cha damu: ambaye potasiamu yake haijapanda hana sababu ya kuvikimbia. Samaki mbichi wa Lualaba, kipande kadiri ya kiganja pasipo vidole, au yai. Asizidishe, wala asinyimwe kabisa, maana mwili usiopata kitu hula nyama yake wenyewe. Makayabu na vile vipande vya kutilia mchuzi ladha Sista aliviweka kando bila kusema neno.

Chumvi yote ya siku, pamoja na ile iliyokwisha kufichwa katika vyakula, isipite gramu 5, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai.

Hapo vita ilianza. Mama alionja mchuzi, akaweka kijiko chini, akamwuliza mkwewe: “Mwanangu, mmenileta Kasongo ili mninyime chumvi?” Kwetu, kumpikia mama mkwe chakula kisicho na ladha ni tusi, nao wapita njia wanasikia. Yule mke wa kaka alilia jikoni. Sisi wanaume, twaungama, tulinyamaza, ilhali ni sisi tuliosikia maneno ya daktari kwa masikio yetu.

Halafu shangazi yetu alifika kutoka Kabambare na kifurushi cha majani ya migomba. Ndani yake mlikuwa na chumvi ya majivu, ya mimea ya mtoni iliyochomwa na kuchujwa, kama walivyoitengeneza wazee kabla ya chumvi ya duka. Tulifurahi kupita kiasi. Hii si ya duka, tukasema, hii haina neno. Mama alikula kwa furaha majuma mawili. Kisha miguu ikamlegea, moyo ukapiga bila mpango, tukamkimbiza hospitali. Chumvi ya majivu, daktari alisema, ni potasiamu zaidi ya yote. Tulikuwa tumemlisha kwa upendo kitu ambacho mafigo yake hayakuweza kukitoa. Aliokoka, tunamshukuru Mungu.

Kwaresima ilipokuja, mama alitaka kufunga kama alivyofunga miaka yote, na siku ya Ijumaa ale makayabu. Padri alimweleza kwa upole kwamba sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haimdai mfungo mtu aliyekwisha anza mwaka wake wa sitini, wala mgonjwa. Tena ya kwamba Kanisa lakataza nyama Ijumaa, lakini hakuna amri ya kula samaki wa chumvi. Mama aliuliza mara mbili ili kuhakikisha.

Amani nyumbani haikuletwa na padri wala daktari. Mke wa kaka yetu alikata shauri kwamba chungu ni kimoja, na hakitiwi chumvi kwa mtu yeyote. Hutia vitunguu, pilipili, tangawizi, na ndimu kidogo mwishoni. Atakaye chumvi aikute mezani katika kikopo. Tangu siku ile mama hali peke yake pembeni. Vipimo vyake vya mwezi uliopita vilikuwa sawa na vya mwezi uliotangulia, naye daktari alisema hilo ndilo alilolitaka. Shangazi yu njiani tena, na mama ametuma mtu amwambie alete mchele.