Rangi ya Buni Mbivu

Sisi wasichana wa Bukoba tunapenda kupendeza, hilo halina ubishi. Ila sifa ya msichana huku kwetu ni moja tu: mweupe. Mweusi naye anaambiwa, "Ni mweusi lakini mzuri." Hilo "lakini" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka jana mwezi wa saba niliitwa Muleba kumpamba binti wa shangazi yangu, siku ya kuagwa kwao. Nilifika zikiwa zimebaki siku tisa. Binti ni mweusi tii, ngozi inang'aa kama imepakwa samli. Mezani kwake nikakuta vitu viwili: blasha ya waridi iliyopauka, na kikopo kisicho na jina.

"Dada, hizi siku tisa nikijipaka huu, si nitatakata?"

Ulikuwa mkorogo. Mingi huwa na zebaki au haidrokwinoni. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, kisha hupenya mwilini na kuumiza figo. Vipodozi vya aina hiyo vimepigwa marufuku nchini, lakini Kagera inapakana na nchi tatu, piga hesabu mwenyewe.

Nikamwuliza kisa. Akajipaka ile blasha nione. Lahaula! Kama katoka mashineni kusaga unga. Basi yeye akaamua ngozi ndiyo mbovu, ibadilishwe ifanane na blasha.

Kumbe blasha za mpauko huchanganywa na unga mweupe mwingi. Kwenye shavu jeusi rangi inapotea, unabaki ule weupe kama jivu. Kwa miaka mingi viwanda vikubwa havikutufikiria. Fashion Fair ya Chicago ilianza 1973, Iman, yule Msomali mwenzetu wa Afrika Mashariki, akaanzisha vipodozi vyake 1994, na Rihanna alipotoa Fenty Beauty mwaka 2017 alianza na rangi 40 za msingi wa uso. Hizo za Rihanna dukani Muleba sijaziona, nisikudanganye.

Tukatoka uani kwenye jua. Si chini ya migomba, maana kivuli chake kina ukijani, kinadanganya macho. Nikamwambia avute mdomo wa chini atazame rangi ya ndani. Blasha ikikaribiana na hiyo, itaonekana kama damu yako mwenyewe imepanda. Watu wengine hujaribia mgongoni mwa kiganja. Mimi sikubali, kiganja si uso. Jaribia shavuni.

Pale uani kulikuwa na buni zimeanikwa jamvini, zimechumwa asubuhi ile. Nikaokota moja mbivu, nyekundu ya kuelekea zambarau, nikaishika karibu na shavu lake.

"Hiyo!" akasema.

Tulizunguka maduka matatu tukaipata inayofanana nayo, ya rangi ya tofali, unga mtupu. Kwa ngozi yake ya mafuta unga unafaa. Mwenye ngozi kavu atafute ya krimu, aipake kabla ya poda, la sivyo itaganda mabakamabaka.

Siku yenyewe nilichovya brashi, nikaikung'uta, nikamwambia atabasamu kidogo. Nikaanzia kwenye mfupa wa shavu, vidole viwili kutoka puani, nikavuta juu kuelekea sikioni. Kidogo. Nikaongeza. Kuongeza ni rahisi, kupunguza ni kunawa uso upya, na wageni walishafika!

Shangazi akachungulia mlangoni.

"Waitu, mbona mwenzenu hamjampaka kitu?"

"Tumempaka, shangazi."

Akasogea, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku. Hakusema mzuri wala mweusi. Akasema, "Haya, twendeni, wanasubiri."

Bibi harusi akacheka, mashavu yakainuka na rangi yake.

Kile kikopo mezani hakikuwepo. Sikumwuliza kilipo, naye hakusema.